Kutumia pampu ya joto kwenye baridi kali

Aliyezoea kiyoyozi cha Mombasa au Dar es Salaam akihamia Maine, Marekani, hukuta ukutani mashine inayofanana nacho, yaani pampu ya joto, na huona ajabu akiambiwa kwamba hiyo ndiyo itakayompasha joto theluji ikianguka. Jimbo hilo lilijiwekea mwaka 2019 lengo la kufunga pampu mpya 100,000 kufikia 2025, likalitimiza mwaka 2023.

Pampu hii haizalishi joto, bali hulihamisha kutoka nje hadi ndani, kama friji inavyotoa joto la chakula na kulimwaga nyuma yake. Gesi iliyomo, kwa mfano R-32, katika kanieneo ya kawaida huchemka kwenye nyuzi -52 hivi za Selsiasi, kwa hiyo hewa ya nyuzi -15 kwake bado ni ya moto. Hata hivyo, baridi ikizidi kompresa, yaani kifaa kinachoikandamiza gesi hiyo, huelemewa: uniti moja ya umeme, ambayo kwenye nyuzi 7 huleta uniti tatu au nne za joto, kwenye -15 huleta karibu mbili tu.

Chagua basi nyuzi zinazokufaa, tuseme 20, uiache hapo usiku na mchana. Wengi huizima wakienda kazini ili kubana matumizi, kisha jioni huiwasha kwa nyuzi 26; mashine hulazimika kwenda kwa nguvu zote, na ikiwa nyumba ina hita ya umeme ya akiba inayojiwasha yenyewe, bili hupanda.

Usishtuke pia ukisikia feni ya nje imesimama, mlio umebadilika, na mvuke mweupe unapaa kama wa sufuria iliyofunuliwa. Hakuna kinachoungua. Mashine imegeuza mzunguko wake kwa dakika chache ili iyeyushe barafu iliyoganda juu yake, jambo linalotokea zaidi siku za unyevunyevu zinazokaribia sifuri kuliko siku za baridi kavu. Usiizime, subiri imalize.

Theluji iliyoizunguka iondoe kwa brashi laini, kamwe usiibandue barafu kwa kisu, kwa kuwa mapezi yake ya alumini ni membamba na hujikunja upesi. Chujio la ndani lioshwe kila mwezi au miwili. Ila barafu ikiifunika mashine nzima na isiyeyuke kwa saa kadhaa, hapo ndipo pa kumwita fundi.