Kupiga mbao bodi la modeli ya meli: ubao haulazimishwi

Wakuu, katika kuunda modeli ya meli ya mbao hii hatua ya kupiga mbao ubavuni ndio inayowatoa watu jasho. Mtu kafungua boksi kwa furaha, kasimamisha mataruma siku moja, akifika kwenye mbao anabandika tano sita mambo yanaanza kwenda kombo, basi anarudisha kila kitu kwenye boksi na boksi linaenda kukaa juu ya kabati. Yangu ya kwanza iko juu ya kabati mpaka leo. Nilipiga upande wa kulia wote nikajiona fundi, nikaiacha ikauke usiku, asubuhi nakuta mkuku umejikunja kama ndizi, na hapo hamna dawa tena, ukiunyoosha mbao zinafumuka.

Majina kwanza tusije tukapotezana. Mkuku ni ule uti wa mgongo wa chini, mataruma ni zile mbavu za plaiwudi zinazosimama juu yake, omo ni mbele, tezi ni nyuma, fashini ni ule mti wa kusimama pale omo na mwenzake wa tezi. Nachoelezea ni modeli ya tabaka mbili, la kwanza mbao nyeupe laini za milimita 1.5 kwa 5, la pili wembamba wa nusu milimita mpaka 1 wa mbao yenye rangi nzuri. Kama yako ni ya tabaka moja kanuni ni hizihizi ila huna pa kuficha makosa.

Kabla hujashika ubao hata mmoja kagua kiunzi. Shika mkuku usawa wa jicho utazame toka tezi mpaka omo kama anavyotazama mtu anayepima bunduki, ukiona umepinda nyoosha sasahivi, mbao hazinyooshi mkuku zinaufungia ulivyo. Kila taruma liwe mraba na mkuku, na katikati ya taruma na taruma bandika vibloki vya mbao chakavu ili kiunzi kisichezecheze. Pale omo mapengo ya kwanza jaza kabisa na kipande cha balsa, ile mbao nyepesi laini, alafu chonga ifuate umbo, maana pale ndipo ubao unapinda kwa kasi na ukikosa pa kulalia unavunjika au unakaa bapa. Maelekezo mengi ya kwenye boksi hayasemi hili, mi nalifanya kila modeli.

Sasa kusawazisha mataruma. Jamani hii ndio kazi yenyewe, kubandika ni matokeo tu. Mataruma yanatoka yamekatwa kingo mraba wakati ubao unapita kwa kukunja, kwa hiyo kama hujachonga mshazari ubao utagusa ncha tu badala ya ukingo wote. Yale ya omo unachonga ukingo wa upande wa mbele, ya tezi ukingo wa nyuma, ya katikati karibu hayaguswi. Chukua msasa namba 80, gundisha kwenye kipande cha mbao bapa kirefu kinachofika mataruma matatu kwa pamoja, ukisugua taruma mojamoja unatengeneza mabonde. Kabla ya kusugua paka penseli ukingo mzima, sehemu ambayo penseli haijatoka ujue msasa haujafika. Kila baada ya muda lalisha ubao mmoja juu ya mataruma ushikilie kwa vidole tu, tazama kwa pembeni, ukiona mwanga unapita kati ya ubao na taruma pale kuna shimo, ongeza kipande chembamba, na ukiona ubao unapanda kama umepita juu ya jiwe pale pamezidi, punguza. Hata jioni tatu zikiishia hapa sio nyingi.

Kuna sehemu moja watu wanairuka kisha wanajuta mwisho kabisa, ni kule tezi chini ambapo mbao za pande mbili zinakutana kwenye mkuku. Piga hesabu. Tuseme mkuku wa plaiwudi una milimita 5 na fashini ya tezi itakayokuja kubandikwa nyuma yake nayo ina 5. Tabaka la kwanza ni 1.5 kila upande, hizo 3, la pili nusu kila upande, hiyo 1, jumla 4. Kwa hiyo plaiwudi pale mwisho inatakiwa ibaki milimita 1 tu! Usipopunguza utamaliza mbao zote vizuri kabisa, unakuja kubandika fashini unakuta bodi ni nene milimita 9 na fashini ni 5, meli imevimba makalio. Chora mstari toka pale mataruma ya nyuma yanapoishia kwenye mkuku, alafu kwa patasi na msasa shuka taratibu kuelekea ukingoni, pande zote mbili sawa.

Tuje kwenye mbao sasa. Zimwage zote mezani, pinda kila moja kidogo kwa mkono. Utakuta zingine zinakunja vizuri na zingine nyuzi zake zimekaa kimshazari zinalia kabla hata hujafika mbali. Zile nzuri weka za omo, zile kaidi weka za katikati kulikonyooka.

Ubao wa kwanza unakaa usawa wa sitaha, au chini yake kidogo kadiri mchoro unavyoonyesha, na unaanzia taruma la katikati kwenda pande mbili. Uache ushuke au upande wenyewe unavyotaka. Ukishaulazimisha kwa nguvu ufuate mstari fulani utaona ukingo mmoja unanyanyuka toka kwenye taruma, na ukiupiga pini ukakaa kinguvu mwenzake wa pili utanyanyuka zaidi, wa tatu zaidi, mwisho una ngazi sio bodi. Ukishaona umelala vizuri upande wa kulia pima urefu toka mkuku mpaka ukingo wa chini wa ubao kwenye kila taruma, andika, hamishia namba zilezile upande wa kushoto. Usitegemee jicho, jicho linadanganya.

Na kuanzia hapo ni ubao mmoja kulia mmoja kushoto, mmoja kulia mmoja kushoto, mpaka mwisho. Hiyo ndio kinga ya ndizi yangu.

Sasa hesabu ya kupunguza upana, ambayo inaogopwa bure. Bodi la meli katikati limejaa na omo limebana, lakini mbao ni zilezile, kwa hiyo lazima zipungue zikielekea omo. Kata kipande cha karatasi chembamba, kilaze kwenye taruma la katikati toka ukingo wa ubao wa kwanza mpaka mkuku, weka alama, kinyooshe kwenye rula. Tuseme umepata milimita 95. Gawa kwa 5, ni mbao 19. Hamia omo, pima hivyohivyo, umepata 57. Gawa kwa mbao 19 ni milimita 3, maana yake kila ubao unaanza na 5 katikati na kuishia na 3 omo. Pima na mataruma ya kati yake upate upana wa kila kituo, weka vinukta kwenye ubao, unganisha kwa penseli. Kisha ubane ubao kwenye jiriwa katikati ya rula mbili za chuma ule mstari ukiwa usawa wa chuma, pitisha randa ndogo au msasa mpaka uguse rula. Mimi napunguza ukingo ule utakaogusana na ubao uliopita, ukingo wa kiwandani naacha nje uendelee kuwa reli ya ubao unaofuata.

Usishuke chini ya nusu ya upana. Kama hesabu inakwambia milimita 2 kwenye ubao wa 5, ncha itakatika na pini haina pa kushika, hapo bora mbao mbili ziishie kwa moja, yaani unazikata ncha zote mbili mbele kidogo ya omo na ubao mmoja mpana unaendelea badala yao. Tezi mara nyingi inakuwa kinyume, taruma ni kubwa kuliko la katikati. Mfano umepata 105, mbao 19 za milimita 5 zinajaza 95, zimebaki 10. Usizitanue mbao wala kuzivuta juu zifike, ziache zikae zinavyotaka, patabaki pengo la umbo la kabari ambalo utalijaza baadaye na vipande viwili vilivyochongwa kama kabari. Meli za kweli ndivyo zilivyofanywa, sio uchakachuaji.

Ubao unaofuata mkuku nao ni wa kuuangalia. Weka mapema, uishie chini kabla fashini ya omo haijaanza kupanda, maana ukiuruhusu upande mbele utaharibu njia ya wenzake wote, utakuja kukuta zinabanana pale kama watu mlangoni.

Kukunja: loweka ncha ya omo kwenye maji ya moto dakika 15 hivi kwa mbao laini, zile ngumu za giza nusu saa. Ukitoa usibandike! Funga kwenye umbo, kopo la duara au bodi lenyewe kwa vibanio vya nguo, pitishia draya ya nywele au pasi mpaka ukauke, utoe, ndio sasa unabaki na umbo. Ubao ukilowa unavimba kwa upana, ukibandika mbichi baada ya siku mbili unasinyaa na kila kiungo kinafungua mdomo. Na ukunje zaidi kidogo ya unavyohitaji kwa sababu utarudi nyuma kidogo. Kuna na mkunjo wa upande, pale ubao unapotakiwa kupinda kwa ukingo wake kama njia ya reli kwenye kona. Huo unaubana bapa juu ya meza kwa klempu, ncha moja umeivuta pembeni, unapiga joto mpaka ukauke. Ukiuwahi huo, mbao za omo zinalala zenyewe bila ugomvi.

Gundi nyeupe ya mbao inatosha, paka kwenye taruma na pia ukingoni kwa ubao uliopita, futa inayotoka kwa kitambaa chenye unyevu. Supagluu naiweka tone moja moja omo tu ya kushikilia wakati gundi nyeupe inakauka. Dirisha liwe wazi, moshi wake unachoma macho. Pini toboa kwanza kitundu cha milimita 0.5, usipotoboa ncha ya ubao inapasuka, ingiza nusu tu, zitoke zote kabla ya msasa. Na kila ubao kabla ya kubandika suguasugua ukingo wake kimshazari kidogo pale bodi linapopinda chini, kingo zikutane zote na zisigusane kwa ndani tu.

Mbao zikiisha bodi litatisha kwa sura, usivunjike moyo. Pitisha msasa namba 120 kwa kufuata urefu wa meli, jaza mapengo kwa pati au vumbi la msasa lililochanganywa na gundi, rudia na 180. Fumba macho upitishe kiganja, vidole vinasikia bonde ambalo macho hayalioni. Usisahau ubao ulikuwa 1.5 tu, weka taa nyuma ya bodi ukiweza kuona ndani, panapong'aa pamekwisha pembamba, acha kusugua pale.

Tabaka la pili ni hesabu zilezile, safari hii kwa urembo. Usitumie supagluu ovyo hapa, ikitoka nje inaingia kwenye mbao na vanishi haipandi, linabaki doa linalong'aa vibaya. Kwa mwonekano wa kalafati, yaani ule uzibaji wa nyufa kati ya mbao za meli, pitisha penseli laini ukingo mmoja wa kila ubao kabla ya kubandika, mmoja tu, ukipaka zote mbili mstari unakuwa mnene kuliko meli. Ukitaka ufanane na wa kweli kata mbao vipandevipande, za zamani zilikuwa mita 6 mpaka 8 hivi, kwa skeli ya 1:64 hiyo ni milimita 94 mpaka 125. Viungo vya mbao jirani visikutane kwenye taruma moja, ziachane angalau mbao tatu kabla kiungo hakijarudi palepale.

Ila kabla hujahangaika na urembo chini ya mstari wa maji angalia meli yako ilivaa nini. Manowari za Uingereza zilianza kuvalishwa bati za shaba kwa wingi mwishoni mwa miaka ya 1770, HMS Victory yenyewe ilivalishwa 1780, kama modeli yako ni ya kipindi hicho huko chini kote kutafunikwa, mbao zako nzuri weka juu na zile zenye madoa zipeleke chini. Bati nazo hazifichi bonde, zinalionyesha vizuri zaidi, kwa hiyo msasa wa chini usiupunguze.

Mwisho msasa 240, futa vumbi kwa kitambaa, vanishi nyembamba mikono miwili, ikauke siku nzima katikati ya mkono na mkono.