Kumwandikia mtoto hadithi ya mhamiaji katika Kisumu ya 1903

Chagua mwaka kabla ya kumchagua mhusika. Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu, ukingoni mwa Ziwa Victoria, Desemba 1901, kituo kikaitwa Port Florence. Mwaka 1903 unafaa sana kwa hadithi ya binti wa Kigujarati ambaye baba yake amefungua duka karibu na gati. Uandike juu ya kila ukurasa wa daftari, kwa sababu hadithi nyingi za Kisumu huharibikia hapo: mwandishi huchota kutoka ziwa analoliona leo. Samaki aitwaye mbuta aliletwa miaka ya 1950, basi wahusika wavue ngege, samaki wa asili. Gugumaji, mmea unaoelea ziwani, lilionekana mwishoni mwa miaka ya 1980, mashua isikwame humo. Kwa jirani Mjaluo, pika ugali wa mtama au wimbi. Dukani watu wahesabu rupia. Shilingi ilikuja miaka ya 1920. Na anayekwenda Kampala apande meli gatini, maana treni ilifika huko 1931, tena kupitia Nakuru na Eldoret.

Kisha mpe binti kazi ambayo wakubwa wanaitegemea. Watoto wa wahamiaji hushika lugha ya mtaa mapema kuliko wazazi, kwa hiyo awe mkalimani wa baba yake, anayemwita Bapuji. Akitafsiri bei vibaya, gunia la ufuta litauzwa kwa hasara, na hapo una kisa.

Rafiki yake Mjaluo ndiye anayeonewa zaidi katika hadithi za aina hii: hufanywa mwongoza njia tu, hana nyumbani wala shida. Mpe haja yake mwenyewe, tena igongane na ya binti. Labda ufuta ule ni wa mama yake.

Usimfanye baba mwalimu wa historia. “Mwanangu, reli hii ilianza kujengwa 1896” si maneno ya mtu aliye na wateja mlangoni. Mvua isombe tuta la reli, mchele uchelewe, rafu zibaki tupu. Msomaji ataijua reli.

Kwa gredi ya tano, sura sita za maneno 800 zinatosha. Neno la Kigujarati au la Dholuo lieleweke kwa kitendo kinachofuata, bila mabano. Rasimu ikiisha, wasomee watoto watatu kwa sauti. Wakianza kuchezea kalamu, weka alama pembeni. Mara nyingi utakuta mtu mzima ndiye anayezungumza pale. Punguza maneno yake, umrudishe binti kaunta.