Kiwango cha kusajiliwa VAT (kodi ya ongezeko la thamani) kwa biashara ndogo: unavyojua kama umefika na ufanye nini

Mi natunza vitabu vya wafanyabiashara wadogo na swali ninaloulizwa sana ni "mimi mdogo hivi, kodi ya mauzo inanihusu kweli?" Sasa udogo hapa haupimwi kwa idadi ya wafanyakazi wala kwa faida. Unapimwa kwa mauzo. Umeuza sana ukabaki na hela ya nauli tu, bado umefika.

Hatua ya 1: jua kiwango cha unakouzia, cha mwaka huu. Vinabadilika. Tanzania ilikuwa shilingi milioni 100, tangu Julai 2023 ni milioni 200 kwa miezi 12. Uingereza walitoka pauni 85,000 wakaenda 90,000 Aprili 2024. Marekani hakuna VAT, kila jimbo lina mambo yake, na tangu kesi ya South Dakota dhidi ya Wayfair mwaka 2018 jimbo linaweza kukudai kodi ya mauzo hata kama huna duka wala stoo kule, ilimradi umewauzia watu wake vya kutosha: South Dakota yenyewe ni dola 100,000, California na Texas dola 500,000. Kwahiyo ukiuza mtandaoni huko unahesabu kila jimbo kivyake, usichanganye.

Hatua ya 2: jumlisha miezi 12 ya nyuma kila mwezi ukiisha. Usisubiri Desemba! Ingiza mwezi mpya, toa mwezi kama huo wa mwaka jana, basi. Excel ya safu mbili inatosha, hata daftari.

Hatua ya 3: ondoa yasiyohesabika. Kwenye VAT, bidhaa zilizosamehewa kodi kwa kawaida haziingii, ila zile za kiwango cha sifuri (zinatozwa kodi, ila ya asilimia 0) zinaingia, na hapo ndo wengi wanajichanganya maana zote mteja halipi kodi. Mkopo ulioingia benki sio mauzo. Mashine yako ya zamani uliyouza, nchi nyingi haiingii pia.

Hatua ya 4, hii ndo yenyewe: piga hesabu ya bei kabla hujafika. Tuseme kodi ni asilimia 20 na unauza kitu kwa 100. Ukishasajiliwa, ukabaki na bei ileile kwa kuogopa kukimbiwa na wateja, ndani ya hiyo 100 kodi ni 16 na ushee, sio 20, maana unagawanya 100 kwa 1.2 unapata 83 na ushee yako, inayobaki ndo kodi. Sasa kama ni muuza bidhaa na ulinunua mzigo kwa 60 yenye kodi ndani na risiti halali ya kodi unayo, unajirudishia 10 ya kodi iliyokuwa ndani ya mzigo, kinachokutoka kweli ni 6 na ushee. Lakini fundi, msusi, mwalimu wa tuisheni anayetozwa VAT, ambaye gharama yake kubwa ni mikono yake, hana cha kujirudishia, inamtoka karibu yote. Huyo lazima apandishe bei, na apandishe mapema kidogokidogo.

Halafu angalia wateja wako ni nani. Ukiuzia kampuni zilizosajiliwa, kodi yako haiwaumi, wanaidai tena, na kwa biashara ya hivyo mi huwa nashauri kujisajili kwa hiari hata kabla ya kiwango, sheria ikiruhusu. Ukiuzia mtu wa mwisho, usiwe na haraka.

Hatua ya 5: ukivuka, jisajili. Tanzania, Kenya na Uingereza wote wanataja siku 30, na ukichelewa kodi inahesabiwa tangu siku uliyotakiwa kuanza, hata kama mteja hukumtoza, yani unalipa mfukoni mwako, bado riba na faini. Ukiona mkataba mkubwa unakuja utakaokuvusha, usingoje hela iingie, uliza sasa hivi.

Kuna wanaofikiria kugawa biashara mbili, moja jina la mke moja la mume, huku stoo ni moja, akaunti moja, wateja walewale. Mamlaka za kodi zinaijua sana hiyo na zina nguvu ya kuzihesabu kama biashara moja. Wengine wanafunga duka mwezi wa mwisho ili wasifike. Hiyo sio kosa kisheria, ila piga hesabu mauzo unayoyaacha ni kiasi gani ukilinganisha na ile kodi ya hatua ya 4, mara nyingi kwa muuza bidhaa haimlipi.