Toa mwiba kabla haujafika kwenye tyubu

Mimi nabeba maziwa kwa baiskeli kutoka Nala kuingia Dodoma mjini, na maziwa hayamngoji mtu abandike kiraka. Jua likiyakuta njiani yanachacha, na mteja wa chai hataki kusikia habari za pancha. Ndiyo maana haya mambo nimeyafuatilia kuliko wenye baiskeli za kutembelea.

Jambo kubwa ni hili: miiba mingi haitoboi tyubu papo hapo. Inachoma tairi, inakatika, inabaki humo, halafu kila gurudumu linapozunguka uzito wako unaisukuma ndani kidogo. Unaweza kukanyaga mwiba leo kwenye njia ya Zuzu, ukapata pancha keshokutwa uko Kizota juu ya lami, ukaanza kulaani waliomwaga misumari. Hizo siku za katikati ndizo za kuuwahi.

Kwa hiyo kila jioni, mzigo ukishashushwa, pindua baiskeli ikae juu ya usukani na kiti. Futa vumbi kwa brashi au tambara, zungusha gurudumu polepole, ukiangalia kwenye mwanga wa upande, siyo jua likiwa kichwani. Mbigili utaiona haraka maana kipande chake kinabaki kimeng'ang'ania nje. Mwiba uliokatika unaonekana kama nukta tu. Hapo chokonoa kwa sindano ya kushonea magunia, ukipata kichwa chake vuta kwa koleo ndogo. Usipapase kwa kiganja, utalala na mkono umevimba. Anza na gurudumu la nyuma, kwa sababu ndilo linalobeba madumu, na mara nyingi la mbele linakiinua kitu kilicholala chini, la nyuma linakikuta kimesimama.

Ukaguzi uongezeke mvua zikishaisha, kuanzia mwezi wa tano hivi. Mbigili wakati wa mvua ni jani la kijani linalotambaa, lina maua madogo ya njano, halimsumbui mtu. Likikauka, tunda lake linapasuka vipande vitano, na kila kipande hata kianguke vipi kuna mwiba unaotazama juu. Mgunga una miiba mirefu myeupe, lakini mti wenyewe umesimama mahali pake, unaukwepa. Shida ni matawi yaliyokatwa kuzungushia zizi, yakaburutwa njiani. Ukiona mburuzo mchangani, toka kwenye hiyo njia hata kama ndiyo ya mkato. Mkulagembe ndio mbaya zaidi kwangu: kijitawi chake chenyewe kinaishia kwenye ncha ngumu, na kikikatikia ndani ya tairi huoni kitu.

Barabarani adui ni mwingine. Malori yanapopasua tairi huacha vipande pembeni mwa lami, na ndani yake mna nyaya nyembamba za chuma. Waya huo ni mfupi, hauonekani, na sindano haitoshi, unataka koleo. Lori likija nyuma yako, wewe toka barabarani, usibishane nalo kwa ajili ya tairi. Lakini ukisharudi kwenye lami, simama, uzungushe magurudumu yote mawili uyatazame kabla hujaendelea.

Upepo wa tairi nao watu wanaudharau. Baiskeli za mzigo tunazotumia hapa, zile za inchi 28 kwa 1½, tairi lake halitaki kubonyea. Likilegea linalala chini, linaokota miiba mingi zaidi, na ukigonga jiwe na mzigo tyubu inabanwa na rimu unapata matundu mawili yaliyokaa sambamba. Ukiyaona hayo mawili usitafute mwiba, tafuta pampu. Kiwango kimeandikwa ubavuni mwa tairi. Bonyeza kwa kidole gumba asubuhi kabla hujapakia.

Sasa, pancha ikishatokea, kazi haijaisha kwa kubandika. Kijana wa jirani yangu aliwahi kuleta tyubu yenye viraka vilivyopandana sehemu ileile. Fundi akamwambia, "Mdogo wangu, tyubu umeitibu, mwiba umeuacha nyumbani kwake." Unapovalisha tairi, weka maandishi yake makubwa yakabiliane na valvu. Siku ya pancha ukipata tundu kwenye tyubu, unapima umbali wake kutoka kwenye valvu, unaenda moja kwa moja hadi pale pale kwenye tairi, pande zote mbili endapo tyubu imegeuka. Ndani ya tairi pitisha kipande cha kanga kuukuu. Kitambaa kinanasa kwenye ncha ambayo kidole hakiihisi. Kama tundu liko upande wa ndani wa tyubu, unaogusana na rimu, mwiba hauna kosa: tazama vichwa vya spoku na ule mkanda wa mpira unaovifunika.

Kiraka chenyewe unakijua: msasa, gundi, subiri gundi ikauke juu, kandamiza.

Kinga ninayoiamini ni tyubu kuukuu. Chukua ya saizi ileile, kata valvu, ipasue kwa urefu, ivalishe kati ya tairi na tyubu nzima. Paka poda zisisuguane. Gurudumu linakuwa zito, utalihisi kwenye mlima, ila mwiba mfupi wa mbigili unaishia humo. Wengine wanaweka mkanda uliokatwa kwenye tairi la zamani. Unazuia vizuri, lakini kingo zake zinasaga tyubu usipozichonga zikawa nyembamba. Chupa za plastiki zilizokatwa achana nazo kabisa, kingo zake ni wembe. Dawa ya maji ya kuziba pancha inayouzwa kwenye maduka ya vipuri vya pikipiki inasaidia kwa matundu madogo, ila kwa joto letu inakauka, lazima uongeze.

Tairi lililokwisha meno halina kinga itakayoliokoa. Na baiskeli usiianike juani mchana kutwa, mpira unapasuka ubavuni.

La mwisho ni la njiani. Ukiona mwiba umezama na upepo bado upo, na huna gundi wala pampu, usiuvute. Mara nyingi wenyewe ndio umeziba tundu. Nenda nao taratibu, ukwepe mashimo, ufikishe maziwa. Ukirudi nyumbani ndipo uung'oe, beseni la maji likiwa karibu.