Kuiona bismathi titaneti ikibadili muundo chini ya hadubini

Wengi huanza kwa kupima kapasitansi, yaani uwezo wa fuwele kuhifadhi chaji ya umeme. Mimi nakushauri uanze na macho. Ukishaiona fuwele ikizimika karibu na nyuzi 675 za Selsiasi, hata grafu za vipimo utazisoma vizuri zaidi.

Bismathi titaneti, Bi4Ti3O12, ni ya jamii ya oksidi zilizoelezwa na Msweden Bengt Aurivillius mwaka 1949. Tabaka za bismathi na oksijeni hupishana na ghorofa tatu tatu za oktahedra za titani (maumbo ya nyuso nane, titani katikati na oksijeni kwenye pembe). Ikiwa moto sana, pande mbili za kipande cha msingi cha fuwele, a na b, zinalingana. Ikipoa, oktahedra huinama, bismathi husogea, na a huwa angstromu (sehemu ya bilioni kumi ya mita) 5.45 dhidi ya 5.41 za b. Tofauti hiyo ndogo ndiyo tunayoiwinda.

Hatua ya 1. Fuwele hizi ni bapa na huchanika kama ulanga. Penyeza ncha ya wembe ubavuni, ubandue utando mwembamba unaopitisha mwanga. Wenye nyufa uuache.

Hatua ya 2. Ulaze juu ya kipashio cha hadubini, polaraiza mbili (vichujio vya mwelekeo wa mwanga) zikiwa zimekingamana. Ukiuzungusha, utafifia kila baada ya digrii 90. Simama katikati, kwenye digrii 45, kisha ingiza bamba la rangi, linalogeuza tofauti ndogo za mwanga kuwa rangi. Hapo domeni, yaani maeneo ya fuwele yenye mielekeo tofauti, zinajitokeza: hii ya manjano, jirani yake ya buluu, na mpaka kati yao umenyooka kama uliopigwa rula. Ni fuwele ile ile, ila a na b zimebadilishana nafasi. Piga picha.

Hatua ya 3. Pasha hadi 600, ondoa bamba, halafu panda nyuzi 2 kwa dakika. Ukifika kwenye badiliko, giza. Zungusha tena: likibaki giza, a na b zimelingana. Mwanga ukirudi, huenda utando haukulala sawasawa.

Hatua ya 4, ambayo wengi huiruka. Poza kwa kasi ile ile, uandike joto la kuzimika na la kuwaka. Pengo kati yake usilikubali upesi. Mimi niliwahi kulifurahia, kumbe themokapo, kipimajoto cha kipashio, ilikuwa inachelewa. Rudia kwa nusu ya kasi. Likipungua sana, lilikuwa la kipashio, si la fuwele. Siku nyingine kihakiki kipashio kwa punje ya chumvi safi, inayoyeyuka kwenye 801.

Fuwele ikishapoa, rudisha bamba na upige picha ya pili pale pale. Mipaka itakuwa imerudi, mara nyingi mahali pengine kabisa.