Ndege wa nyasi: simama Nairobi National Park kabla ya safari ya Mombasa

Ukianza safari ya Mombasa kutoka Nairobi, tenga muda wa saa nne, asubuhi, kwa uwanda wa nyasi ulio kando tu ya jiji. Hifadhi hii ya mwaka 1946 ina kilomita za mraba 117, na ndege zaidi ya aina 400 wamehesabiwa humo.

Lipa kwa eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, usiku uliotangulia. Langoni pesa taslimu hazipokelewi. Fika East Gate, lango la upande wa Mombasa Road, saa kumi na mbili kamili. Ukiendesha kuelekea magharibi, jua linakuwa mgongoni na rangi za manyoya zinajitokeza. Ukielekea mashariki saa hizo, utaona vivuli vyeusi tu.

Wanaokosa ndege wa nyasi huwakosa kwa kuendesha mno. Gari likipita, ndege hujibanza chini, likitulia, huinuka. Basi tembeza gari polepole, simama kila baada ya mita mia tano hivi, zima injini, ungoja dakika kumi. Mwanzoni utaona majani matupu. Vumilia. Injini ikinguruma, darubini nayo inatikisika: 8x42 (inayokuza mara nane, lenzi za milimita 42) inatosha, na mfuko wa maharagwe wa kilo moja juu ya kioo kilichoshushwa unaituliza vizuri.

Karani-tamba (secretary bird), ndege mkubwa wa miguu mirefu, akisimama ghafla na kuinua kishungi, usimwache. Atakanyaga nyasi kwa nguvu, kwa kurudia, mpaka panzi au nyoka afe. Kizuri zaidi, kwa maoni yetu, ni Euplectes jacksoni (Jackson's widowbird) msimu wa mvua: dume jeusi lenye mkia uliopinda hukanyaga nyasi mpaka ziwe duara, huacha kishada katikati, kisha huruka juu na kushuka, juu na kushuka, akiwaita majike. Mvua zikiisha huvaa kahawia kama jike, na hapo hata mzoefu hubabaika.

Vile vindege vidogo vya kahawia vyenye michirizi vitambue kwa sauti. Virekodi kwa simu ukasikilize baadaye, ila usivichezee rekodi: dume huacha shughuli zake akamtafute mpinzani asiyekuwapo.

Usitoke kwenye njia. Ndege wengi hapa hutaga chini, na tairi haioni yai. Tena udongo mweusi ukilowa hung'ang'ania magurudumu, na gari la kawaida hukwama hata kwenye tambarare. Siku ya mvua baki kwenye barabara za murram (changarawe nyekundu). Usishuke ila sehemu zilizoruhusiwa, kwa sababu simba hulala katika nyasi hizo hizo. Maji yabebe kwa chupa ya chuma: plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku hifadhini tangu Juni 2020.

Kufikia saa nne joto linafanya hewa icheze juu ya nyasi, na ndege wa mbali hawatambuliki tena. Malizia bwawani, ambako korongo-taji (crowned crane) huwa karibu na maji, halafu rudi East Gate ushike barabara.