Mchanga wa kori: upime kwa kiganja, siyo kwa macho

Kori ni wale jamaa wadogo wa kambare kutoka Amerika Kusini wanaofugwa kwenye matangi ya kioo, kitaalamu Corydoras. Mtazame anavyokula. Huzamisha pua mchangani hadi machoni, akabugia, kisha mchanga ukamtoka matamvuani kama unga unaopita kwenye chekeche, chakula kikabaki mdomoni. Juu ya kokoto hawezi. Anaishia kupapasa, na chakula kinadumbukia katikati ya mawe kikaozea huko.

Nilianza na kokoto za rangi, bluu na nyeupe, kwa sababu zilipendeza. Baada ya miezi michache masharubu ya kori wangu wanne yalibaki vishina. Nikazilaumu kokoto, na kweli zilikuwa na ncha. Lakini siku ya kuzitoa ndipo nilipoona tope jeusi lililojificha chini yake. Sharubu likikwaruzwa kidogo na kila siku likaburuzwa kwenye uchafu ule, bakteria hulimaliza. Kwa hiyo usidhani mchanga laini utakusamehe uvivu wa kubadilisha maji.

Hatua ya 1: Tafuta mchanga

Huna haja ya kununua wa dukani. Mchanga wa mto ule mafundi wanaopigia lipu unafaa sana. Pita saiti yoyote, omba ndoo ndogo, mpe fundi hela ya soda. Wa ufukweni uache: una chumvi, na umejaa vipande vya makombe na matumbawe vinavyokata.

Tangi la sentimita 60 kwa 30, ukiweka kina cha sentimita 3, linataka lita 5 na nusu hivi, yaani kilo 8 au 9. Chukua zaidi kidogo, kwa sababu kuchekecha na kuosha kutapunguza.

Hatua ya 2: Kiganja

Hapa usiharakishe. Chukua konzi ya mchanga mkavu, ufinye kwa nguvu, kisha usugue kwenye ngozi laini ya ndani ya mkono, karibu na kifundo. Ukichoma au ukiacha mikwaruzo myekundu, haufai, hata kama ni mweupe kama sukari. Kioo kilichosagwa nacho hung'aa.

Punje ziwe chini ya milimita moja, ukubwa wa chumvi ya mezani. Mimi huchekecha kwa kipande cha wavu wa mbu wa dirishani. Kinachobaki juu nakimwaga kwenye vyungu vya maua. Ila usiende mbali mno: mchanga ulio kama vumbi la saruji hushikana ukawa sakafu ngumu, na maji hayapenyi.

Hatua ya 3: Siki

Weka kijiko cha mchanga mkavu kwenye glasi, mimina siki nyeupe, tega sikio. Ukichemka na kutoa viputo, una chokaa, na chokaa hupandisha ugumu wa maji na pH (kipimo cha asidi: ikipanda, asidi imepungua) taratibu bila wewe kujua. Kwa kori, utupe.

Kama lakini unafuga gogogo wa Ziwa Tanganyika, mambo yanageuka. Maji ya ziwa lile yana pH karibu na 9, kwa hiyo mchanga wenye chokaa ndio wake. (Namsema Synodontis multipunctatus, yule mwenye madoa anayechomeka mayai yake kati ya mayai ya samaki wanaoatamia mdomoni, wamlelee watoto.) Mchanga unaokwaruza bado haufai kwake pia, naye ana masharubu.

Hatua ya 4: Sumaku

Ukiona punje nyeusi, pitisha sumaku ya spika mbovu. Zikirukia, zitoe kadiri uwezavyo. Samaki hazimsumbui, ila zitanasa kwenye sumaku ya pampu na kuila polepole.

Hatua ya 5: Osha

Robo ndoo kwa robo ndoo. Fungulia maji kwa nguvu, koroga kwa mkono hadi chini, mwaga. Mara ya kwanza maji yatakuwa kama chai ya maziwa. Endelea hadi uone vidole vyako chini ya ndoo. Usitie sabuni hata tone.

Hatua ya 6: Weka

Tangi jipya: weka mchanga kwanza, juu yake sahani, mimina maji kwenye sahani ili usichimbike.

Tangi lenye samaki: toa nusu ya kokoto wiki hii na nusu nyingine wiki ijayo, na chujio usiliguse. Bakteria wazuri wanaosafisha maji wanaishi kwenye kokoto zile na kwenye chujio. Ukiwaondoa wote siku moja, utaamka na samaki wanaohema juu.

Hatua ya 7: Tunza

Kila wiki, unapobadilisha maji, pitisha mpira wa kunyonya maji juu kidogo ya mchanga, usiuzamishe. Uchafu unakaa juu. Pembeni ambako kori hawachimbi, chokoza kwa kijiti. Viputo vikitoka na harufu ya yai viza, umejaza kina kirefu mno: punguza kidogo kidogo.

Masharubu hurudi kama shina limebaki. Watatu wangu yaliota tena. Wa nne yaliliwa hadi kwenye ngozi, hayakurudi, lakini chakula kikishuka ndiye anayewahi.